Mtoto kauliza kwa nini mchanga wa baharini unanasa kwenye sumaku. Wajuzi wa Tanga, njooni

#1 Ticha Makorora
Wakuu, salaam. Nafundisha watoto wa awali hapa Tanga mjini. Umri wao ni miaka mitano, ingawa wengine wana minne na mzazi anakula kiapo kwamba ni mitano.

Wiki iliyopita nilipata sumaku ya spika mbovu kwa fundi redio wa Ngamiani. Nikawatandikia mkeka, nikamwaga vitu: misumari, vizibo vya soda, ufunguo, kifungo cha shati, kifuu, sufuria kuukuu. Sharti langu lilikuwa moja tu: kabla ya kugusisha, kila mtu atamke "itanasa" au "hainasi". Kelele zake mngedhani ni Mkwakwani na Coastal wamefunga bao. Sufuria iliwaangusha wote. Darasa zima lilisema itanasa, haikunasa.

Sasa mtoto mmoja, kwao ni njia ya Pangani, akaja na mfuko wa mchanga wa baharini, ule wenye michirizi myeusi. Nikapitisha sumaku juu yake, ikatoka imeota ndevu. Punje zimesimama wima. Ukizimwaga kwenye karatasi na kusogeza sumaku kwa chini, zinatembea. Mchanga wa uwanja wa shule hauna habari kabisa. Na hata ule mweusi si wote, sehemu kubwa ilibaki chini. Mtoto akaniuliza: "Mwalimu, huu mchanga ulikula msumari?"

Hicho kinachonasa ni nini hasa? Na kwa umri huu, unaeleza sababu au unawaacha wacheze?

#2 Kuli Mstaafu
Hiyo ni kutu ya meli, Ticha. Bandari ya Tanga imepokea vyuma tangu enzi ya Mjerumani. Chuma kinaliwa na chumvi, kinamomonyoka, mawimbi yanasambaza. Rahisi tu.

#3 Binti wa Sahare
Mzee wangu Kuli, shikamoo, lakini hapo hapana. Kwangua kutu nyekundu kwenye geti lako, ikaushe, uisogezee sumaku ya spika. Utaona inavyosuasua. Kutu ya kawaida karibu hainasi. Kama kuna punje zinarukia sumaku, basi ni chuma kilichochanganyika na kutu yenyewe.

Halafu angekuwa anaokota pale bandarini tungesema sawa. Mtoto katoka njia ya Pangani.

#4 Mgeni wa Juzi
Nyie, mchanga wa Tanga unavuta hata watu. Mimi nilikuja kikazi 2009, mkataba wa miezi, mpaka leo nipo Chumbageni na mke wa hapa hapa. Fanyieni utafiti na hilo.

#5 Kigingi
@Mgeni wa Juzi wewe hukuvutwa na mchanga, ulivutwa na pweza wa nazi. Tuendelee.

#6 Jiwe Gumu
Nimewahi kubeba sampuli kwenye kazi za utafiti wa madini ukanda huu, ngoja nichangie. Zile punje nyeusi zinazorukia sumaku ni magnetaiti, oksaidi ya chuma ya asili. Zile nyeusi zilizobaki chini, kwa pwani hii, nyingi ni ilmenaiti, ambayo ni chuma, titaniamu na oksijeni. Ilmenaiti inavutwa kwa unyonge sana, sumaku ya spika haiiwezi. Kwa macho zinafanana, ndiyo maana Ticha anaona nusu inanasa na nusu inagoma.

Kwa nini zimejikusanya kwenye michirizi? Uzito. Mchanga mweupe wa kawaida una uzito kama mara 2.65 ya maji, magnetaiti ni mara 5 na kidogo. Wimbi likirudi linabeba chepesi na kuacha kizito. Nenda ufukweni baada ya bahari kuchafuka, utaikuta michirizi imekoza.

Chanzo chake ni miamba ya Usambara. Ni miamba ya zamani sana iliyopikwa chini ya ardhi. Mvua inaimomonyoa, Mto Zigi unaleta baharini.

#7 Mpare wa Mtandaoni
@Jiwe Gumu hapo kwenye Zigi sikubaliani. Mtoto katoka njia ya Pangani, wewe unatupeleka Amboni! Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, na hiyo ni milima ya volkano. Miamba ya volkano imejaa magnetaiti. Huo mchanga ni wa Kilimanjaro, umesafiri bure bila nauli.

#8 Jiwe Gumu
Na Nyumba ya Mungu je? Bwawa lile linakamata matope na mchanga wote wa juu. Usambara yenyewe inamwaga maji Pangani kwa chini, kwa hiyo bado narudi pale pale.

#9 Mpare wa Mtandaoni
Bwawa limejengwa miaka ya 1960, mkuu. Mchanga una maelfu ya miaka pale ulipo. Bwawa haliwezi kuzuia kilichokwisha kupita.

#10 Binti wa Sahare
Nawapenda mkibishana, ila mtoto wa miaka mitano kesho atauliza tena. Ticha amjibu nini?

#11 Mama Wawili Mapacha
Mjibu: "Ndani yake mna vijiwe vyenye chuma." Inatosha. Mimi wangu niliwapa sumaku mbili nikaenda kupika. Kurudi nakuta ya kwanza imebandikwa kwenye TV ya chogo ya bibi yao, picha imekuwa ya zambarau upande mmoja. Bibi mpaka leo anasema TV imerogwa.

#12 Fundi Spika
@Mama Wawili Mapacha hiyo TV haijafa. Ukiwa na bahati, kuizima na kuiwasha mara kadhaa, kwa kuipumzisha katikati, inarudisha rangi, maana nyingi zina koili ya kujisafisha inayofanya kazi ukiwasha. Ikigoma, mpelekee fundi. TV bapa za siku hizi hazina shida hiyo.

Ticha, mimi ni wa hizo kazi, nikuambie machache. Sumaku nyeusi za spika ni ngumu lakini zinavunjika, na kingo zake zilizovunjika zinakata vidole. Wape ambazo ni nzima, au uzungushie selotepu. Usiwaache wakazitupa sakafuni hovyo, na usizianike kwenye jiko. Moto na kipigo vinaimaliza sumaku nguvu. Ikivunjika usiitupe: kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili, ya kaskazini na ya kusini. Watoto wanadhani ukikata katikati utapata kipande chenye kaskazini tupu. Waache wajaribu, wakubwa wenyewe hawaamini.

Na jambo la mchanga: funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuichovya. Ukimaliza unageuza mfuko, punje zinadondoka. Usipofanya hivyo utakaa jioni nzima unazichokonoa na kijiti.

#13 Nesi wa Zamu
Kabla hamjaendelea kucheka. Sumaku ya spika kubwa haina shida, mtoto hawezi kuimeza. Ninazoziogopa ni zile ndogo zinazong'aa rangi ya fedha, za neodimiamu. Zimo kwenye vibanio vya pochi, kasha za spika za masikioni, midoli ya kuunganisha. Zina nguvu kuliko umbo lake.

Mtoto akimeza moja, mara nyingi hupita. Akimeza mbili, au sumaku moja na kipande cha chuma, zinaweza kushikana huku kuta za utumbo zikiwa katikati. Utumbo unabanwa, unakosa damu, unatoboka. Mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Msimpe ndizi, msingojee choo, msimtapishe. Hospitali, siku hiyo hiyo, na umwambie daktari neno "sumaku", maana kwenye picha zinaweza kuonekana kama kitu kimoja. Betri bapa za saa na rimoti nazo ni vivyo hivyo, zikikwama kooni zinaunguza ndani ya saa chache.

Chekechea: sumaku kubwa kuliko mdomo. Basi.

#14 Ticha Makorora
@Nesi wa Zamu ahsante sana dada. Nilikuwa na vile vidogo vya pochi kwenye mfuko, nimevitoa.

@Fundi Spika ahsante, la mfuko wa nailoni nimelichukua.

Niwape majibu ya watoto, maana niliwauliza wao kwanza kwa nini inanasa. Mmoja: "Ina gundi." Wa pili: "Ina njaa." Wa tatu: "Inamjua msumari." Nikawaambia tuanze na wa gundi. Nikaweka karatasi katikati, ikanasa. Nikaweka msumari ndani ya bilauri ya maji, sumaku kwa nje, msumari ukapanda ukuta wa bilauri huku unaburuzwa. Yule wa gundi akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Basi ni gundi ya mbali."

#15 Kigingi
Gundi ya mbali! Huyo mpeni shahada sasa hivi.

#16 Mkufunzi Asiyelala
Ticha, hapo umefanya jambo ambalo wengi hatulifanyi: umelichukua jibu la mtoto ukalijaribu mbele yake. Nina wasiwasi na ushauri wa @Mama Wawili Mapacha wa kumpa jibu fupi ukamaliza. Ukishasema "mna chuma" swali limekufa. Afadhali umwambie, "tutafute mchanga mwingine tuone." Alete wa mtoni, wa kichanja cha fundi uashi, wa Amboni.

Na kwa umri huo usiseme neno "ugasumaku", yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika. Hata mimi lilinikalia vibaya hadi sekondari.

#17 Mama Wawili Mapacha
@Mkufunzi wewe una mtoto mmoja bila shaka. Mwenye wawili wanaouliza kwa zamu lazima awe na jibu fupi.

#18 Mchumi wa Kijiji
Swali la pembeni. Nina seti ya vijiko vya stenlesi. Vingine vinanasa, vingine havinasi, na nilivinunua boksi moja. Vile visivyonasa ni feki?

#19 Kuli Mstaafu
Vinavyonasa ndiyo feki. Stenlesi halisi hainasi. Hata wauza vyuma chakavu wanapima hivyo.

#20 Fundi Spika
Wauza chakavu wanapima ili kutenga bei, mzee wangu, hawapimi uhalisia. Stenlesi ziko aina nyingi. Yenye kromiamu na nikeli ya kutosha kwa kawaida haivutwi. Isiyo na nikeli inavutwa, nayo ni stenlesi vile vile, na visu vingi vizuri vimetengenezwa nayo kwa sababu inakubali makali. Boksi moja linaweza kuwa na mchanganyiko.

#21 Mchumi wa Kijiji
Ngoja. Nikeli yenyewe si inavutwa na sumaku? Nilisoma chuma, nikeli na kobalti. Sasa inawezekanaje ukiongeza kinachovutwa unapata kisichovutwa?

#22 Fundi Spika
Ndivyo ilivyo. Nikeli peke yake inavutwa. Ikiyeyushwa pamoja na chuma na kromiamu kwa kiasi fulani, mpangilio wa atomi unabadilika na mvuto unapotea. Tena ukiikunja sana au kuigongagonga stenlesi hiyo hiyo, pale kwenye kona inaanza kunasa kidogo. Sababu ya ndani waulize wasomi, mimi nakuambia ninachokiona mezani.

#23 Mkufunzi Asiyelala
Ndiyo maana tusiwaambie watoto "sumaku inavuta vyuma". Shaba haivutwi, alumini ya sufuria haivutwi, dhahabu na fedha hazivutwi. Ticha, tafuta sarafu ya mia tano, ile imefunikwa nikeli juu ya chuma, inarukia. Sarafu nyingine wajaribu wenyewe, msiwaambie.

#24 Mgeni wa Juzi
Damu si ina chuma? Nimembandika sumaku mke wangu mkononi haijanasa. Nina mashaka na damu yake.

#25 Nesi wa Zamu
Huna haja ya mashaka, una haja ya kazi za kufanya 😂 Chuma cha kwenye damu kimefungwa ndani ya hemoglobini, atomi moja moja mbalimbali, hazijajikusanya kama kwenye msumari. Ingekuwa damu inarukia sumaku, nani angetoka mzima kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali? Pale ni funguo na mitungi ya chuma ndivyo vinavyokatazwa kuingia.

#26 Nahodha wa Kando
Nimesoma kimya toka mwanzo. Mnasahau jaribio la maana kuliko yote kwa mtoto wa pwani.

Chukua sindano ya kushonea. Isugue kwenye sumaku kwa upande mmoja tu, unainua na kurudi mwanzo, usisugue kwenda na kurudi. Fanya hivyo mara nyingi. Ilaze juu ya jani la mwembe au kipande cha kandambili ndani ya beseni la plastiki lenye maji yaliyotulia. Beseni la bati litakuharibia. Weka sumaku yako na simu mbali. Itazunguka taratibu kisha itasimama, ncha moja kaskazini na nyingine kusini. Isukume kwa kidole, itarudi pale pale.

Sasa utamu wake: Tanga iko karibu kabisa kusini mwa Makka, longitudo zinatofautiana chini ya digrii moja. Kwa hiyo kwetu hapa kibla ni kaskazini, tofauti ni nyuzi chache sana. Mpeleke mtoto na beseni lake nje ya msikiti wowote, atazame mihrabu imeelekea wapi. Sindano na mihrabu vitakubaliana. Mwenzako wa Lagos hawezi kufanya hivyo.

#27 Binti wa Sahare
Khaa! Nimeishi hapa maisha yote sikuwahi kulifikiria hilo. Leo hii nafanya.

#28 Kuli Mstaafu
Nahodha kasema kweli. Na sindano inaelekea huko kwa sababu ya nyota ya kaskazini. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee wa majahazi.

#29 Nahodha wa Kando
Mzee mwenzangu, nyota hiyo umeiona lini ukiwa Tanga? Sisi tuko chini ya ikweta nyuzi tano, nyota ile haichomozi kwetu. Ukipanda kaskazini hadi upite ikweta ndipo unaanza kuiona chini kwenye upeo. Sindano inageuka hata ndani ya nyumba mchana wa jua kali.

#30 Mkufunzi Asiyelala
Mzee Kuli hayuko peke yake. Ulaya nao waliamini ni nyota, wengine waliamini kuna mlima wa sumaku huko kaskazini unaong'oa misumari ya meli. Mpaka 1600 ambapo daktari Mwingereza William Gilbert aliandika kwamba dunia yenyewe ni sumaku. Alichonga sumaku ya mviringo akaizungushia visindano, akaona vinajipanga kama vya mabaharia.

#31 Mchumi wa Kijiji
Dunia ni sumaku kwa sababu katikati kuna chuma?

#32 Fundi Spika
Hapo nauliza na mimi. Sisi mafundi tunajua chuma kikifika nyuzi kama 770 za Selsiasi kinapoteza usumaku. Katikati ya dunia kuna maelfu ya nyuzi. Chuma cha huko kinakuwaje sumaku?

#33 Mpare wa Mtandaoni
Hakiwi sumaku ya kudumu. Ile sehemu ya nje ya kiini ni chuma kilichoyeyuka kinachozunguka, kinapanda na kushuka kwa joto, kinazalisha umeme, na umeme unazaa usumaku. Mdenmarki Ørsted aliona mwaka 1820 waya wenye umeme unageuza sindano ya dira. Ni kitu hicho hicho kwa ukubwa wa dunia.

#34 Jiwe Gumu
Na ncha ya sindano inayoitwa kaskazini inavutwa na ncha ya kusini ya sumaku ya dunia, ambayo iko huko kaskazini. Ncha zinazofanana hufukuzana. Ticha, hili usiliguse mpaka darasa la saba.

#35 Mama Wawili Mapacha
Hata mimi usiniguse nalo.

#36 Kigingi
Sasa nani amejibu swali la msingi? Kwa nini sumaku INAVUTA? Mmetaja magnetaiti, Usambara, Makka, Mdenmarki, lakini "kwa nini" bado.

#37 Mkufunzi Asiyelala
Kila elektroni ni kisumaku kidogo. Kwenye vitu vingi zinafutana nguvu. Kwenye chuma, vikundi vya atomi vinaelekea upande mmoja, na ukisogeza sumaku, vikundi vingi zaidi vinageukia huko, msumari nao unakuwa sumaku kwa muda. Ndiyo maana msumari uliobebwa na sumaku unabeba mwingine chini yake.

#38 Kigingi
Na elektroni ni kisumaku kwa nini?

#39 Mkufunzi Asiyelala
Ndivyo ilivyo asili yake.

#40 Kigingi
Yaani baada ya posti arobaini tumefika kwa "gundi ya mbali".

#41 Binti wa Sahare
Nimerudi. Sindano imegeuka kweli, nimetumia kandambili ya mume wangu, bado anaitafuta. Halafu nina mchanga wa Raskazone hapa. Mweusi ni kidogo sana, ila kwa kile kisumaku cha kasha la spika za masikioni zinanasa na punje nyekundu za rangi ya waridi, kwa unyonge. Sumaku ya spika kubwa hainasi hizo. Ni nini tena?

#42 Jiwe Gumu
Dada, inaelekea hizo ni ganeti. Zina chuma ndani na zinavutwa na sumaku kali tu. Na ganeti zimejaa kwenye miamba ya Usambara. @Mpare wa Mtandaoni unasemaje?

#43 Mpare wa Mtandaoni
Nasema Raskazone si njia ya Pangani. Usinihamishie goli.

#44 Nesi wa Zamu
@Binti hicho kisumaku ukimaliza kiweke juu ya kabati.

#45 Mchumi wa Kijiji
Mdogo wangu yuko darasa la sita, anataka kutengeneza sumaku ya umeme. Anatumia waya gani?

#46 Fundi Spika
Waya wa shaba wenye vanishi, kutoka kwenye transfoma mbovu au mota ya feni. Akwangue vanishi kwenye ncha mbili tu, katikati aiache. Auzungushe kwenye msumari wa inchi nne, mizunguko mingi iliyobanana, upande ule ule. Betri moja kubwa ya tochi inatosha. Asitumie umeme wa ukutani kabisa, wala betri ya pikipiki. Agusishe kwa sekunde chache, abebe pini zake, aachie. Akiunganisha na kuacha, waya unachemka na betri inakwisha upesi. Akiondoa betri, pini zinadondoka, ila moja mbili zinaweza kung'ang'ania kwa sababu msumari umebaki na usumaku kidogo.

#47 Mama Wawili Mapacha
Kumbe! Betri za tochi yangu zimeisha kila wiki mwezi huu na mimi namlaumu muuza duka. Subirini nikaangalie uvunguni kwa hawa mapacha.